Barua ya Wazi kwa Makamishna wa Tume ya Ulaya, Brussels

Waheshimiwa,

Nawaandikia mimi, raia wa Uholanzi mzaliwa wa Tanga, niliyeifuata kazi Ujerumani pamoja na mke wangu, raia wa Tanzania, na watoto wetu wawili wadogo. Na haja ninayoileta hadharani si kutungiwa sheria mpya, bali kutekelezwa ile iliyopo, ambayo ninyi ndio walinzi wake.

Uholanzi na Ujerumani Magharibi zilitia sahihi Mkataba wa Roma mwaka 1957, uliomruhusu mfanyakazi kuifuata riziki ng'ambo ya mpaka. Na Agizo namba 2004/38 la Umoja wa Ulaya likampa mkewe, awe wa taifa lolote, haki ya kukaa naye na kufanya kazi. Agizo hilo laamuru kwamba aombaye kadi ya ukaaji apewe stakabadhi papo hapo, na kadi yenyewe isichelewe kupita miezi 6; na kifungu cha 25 chakataza katakata kuifanya kadi hiyo kuwa sharti la kuipata haki, maadamu haki yaweza kuthibitishwa kwa ushahidi mwingine.

Ilhali mke wangu, fundi cherehani aliyekwisha kukubaliwa kazi, alipoitoa stakabadhi yake, mwajiri aliigeuza mbele na nyuma, akamrudishia, akamwambia aje na kadi. Na kwa kuwa shule ya chekechea huwatanguliza watoto ambao wazazi wao wote wawili wana kazi, nafasi ya mtoto wetu wa miaka 4 akapewa mwingine, naye, ambaye Kijerumani angalikipata mchezoni kwa wenziwe, akashinda nyumbani majira yote ya baridi.

Huduma yenu ya SOLVIT, iliyoanzishwa mwaka 2002, hupokea malalamiko bila malipo, nasi twaishukuru. Lakini wiki 10 inazojiwekea kutafuta suluhisho ni muda mrefu kwa mtoto, wala kazi haimngoji mtu.

Kwa hiyo twaomba kwa insafu yenu kwamba stakabadhi hiyo iwe ya namna moja katika nchi zote za Umoja, na kwamba haki ya kufanya kazi, pamoja na hukumu ya kifungu cha 25, ziandikwe juu yake waziwazi kwa lugha ya nchi inayoitoa, ili mwajiri aisomapo asiwe na shaka wala udhuru, na mama asilazimike kumfundisha sheria yule anayemwomba kazi.

Wasalaam,

Baba wa watoto wawili,
Ujerumani