Usinunue giaboksi kabla ya kupima umeme

WENYE magari ya biashara wengi mkoani Tabora wamezoea utaratibu mmoja unaokula mtaji. Gari la otomatiki likigoma kubadili gia, fundi wa kwanza akishasema giaboksi imekufa, kesho yake fedha za giaboksi ya mtumba zinatumwa Gerezani, Dar es Salaam. Maoni ya safu hii ni kwamba fedha hizo zisitoke mpaka mwenye gari aonyeshwe vipimo vya umeme, na kwamba kazi ya kupima ilipwe kwa bei yake, mbali na bei ya kufungua.

Kwa mfanyabiashara hili si suala la gereji peke yake. Kuanzia Nzega hadi Urambo na Kaliua, mchele, asali, karanga na dagaa wa Kigoma husafiri pia kwa Noah, Probox na magari mengine madogo yaliyotumika Japani, ambayo mengi ni otomatiki. Kwa sehemu kubwa ni uelekeo uleule wa misafara ya zamani, kutoka Bagamoyo kupita Tabora hadi Ujiji. Mpagazi akiugua, mzigo wake uliweza kugawiwa wenzake. Noah ikigoma Kaliua mzigo unalala hapo hapo, mteja wa Tabora ananunua kwa mwingine, na marejesho ya mkopo hayasubiri.

Otomatiki nyingi za kuanzia miaka ya 1990 hazibadili gia kwa nguvu ya mafuta peke yake. Kuna kontroo boksi inayopokea habari kutoka kwenye sensa za mwendo, pedali ya mafuta na joto la haidroliki ya giaboksi, kisha hupeleka umeme kwenye solenoidi, yaani vali ndogo zinazofungua na kufunga njia za haidroliki. Sensa ikinyamaza au waya ukikatika, kontroo boksi hujilinda kwa kung'ang'ania gia moja au mbili tu. Gari linaondoka kwa uzito kama limeshikwa breki, na katika Toyota nyingi za miaka hiyo taa ya O/D OFF huanza kuwakawaka. Dereva huona giaboksi imekwisha, kumbe ni soketi iliyoingia maji, waya uliotafunwa na panya gari lilipolala karibu na ghala la mpunga, au waya wa arthi uliolegea kwa mtikisiko.

Dalili nazo husema. Kasoro ya umeme mara nyingi huja ghafla, hutoweka gari likizimwa na kuwashwa tena, na hurudi mvua ikinyesha, barabara ikiwa mbaya au taa kubwa zikiwashwa. Giaboksi iliyochoka kweli huanza taratibu: injini inalia lakini gari haliendi, haidroliki inakuwa nyeusi na kunuka kuungua. Ukiona chembe nyingi za chuma kwenye sampo, hapo kweli tafuta giaboksi.

Vipimo vya mwanzo havihitaji kompyuta. Betri nzima iliyojaa, gari likiwa limezimwa, husoma takriban volti 12.6, injini ikiwaka, altaneta ya kawaida huipandisha kati ya 13.5 na 14.5. Ikibaki 12, usimlaumu mtu wa gia. Pima pia kati ya bodi ya injini na kichwa hasi cha betri wakati wa kupiga stata: ukisoma zaidi ya nusu volti, arthi ni mbovu. Gia ikigoma kutoka P, anza na fyuzi na swichi ya taa za breki, kwa sababu kufuli ya gia husubiri habari kutoka hapo.

Katika Toyota za miaka ya 1990, fundi akiunganisha TE1 na E1 kwenye soketi ya vipimo, taa ya O/D OFF huhesabu kasoro yenyewe: 62 na 63 ni solenoidi za gia, 42 na 61 ni sensa za mwendo. Hapa ndipo fedha nyingi hupotelea. Namba 62 inataja mkondo mzima wa umeme, na solenoidi ni kipande kimoja tu cha mkondo huo. Solenoidi nyingi za gia za Toyota hizo husoma kati ya omu 11 na 15. Zikisoma hivyo, fuata waya na soketi kabla ya kununua kitu.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme giaboksi, usafiri na ufundi ni Sh. 1,800,000, na vipimo ni Sh. 40,000. Magari kumi yakipimwa ni Sh. 400,000. Likipatikana moja tu lenye kasoro ya umeme, umeokoa Sh. 1,800,000, ukitoa gharama ya waya. Kuchelewa nako kuna bei: ukiendelea kubeba mizigo na gari lililong'ang'ania gia moja, haidroliki huchemka na klachi za ndani huungua. Kasoro ya umeme inakuwa ya chuma kweli.

Urambo si mgeni wa hasara ya namna hii. Mpango wa karanga wa Waingereza wa 1947 hadi 1951, uliofanyika pia Kongwa na Nachingwea, ulianza na matrekta yaliyobaki vitani, ambayo mengi yaliharibika mapema. Mashine hazikuwa sababu pekee, lakini zilikuwamo katika hasara ya takriban pauni milioni 36.

Anayenunua gari la mtumba kabla ya msimu wa mizigo naye ajihadhari. Kuchomoa betri kunaweza kufuta namba za kasoro, hivyo zisomwe baada ya kuliendesha gari hadi lichemke vizuri, siyo kabla. Lenye kitufe cha O/D, kibonyeze: taa isipowaka, balbu imeungua au kuna mtu aliyeiondoa. Muuzaji akikataa fundi wako wa umeme asiliguse gari, punguza bei kwa thamani ya giaboksi nzima, au nenda kwa muuzaji mwingine.