Nyumba ya Wazee: Ikodishwe, Isiuzwe

Ukitoka katikati ya jiji la Nairobi ukafuata njia ya magharibi, ukapita Lavington mpaka Karen, chini ya milima ya Ngong, utaona jinsi nyumba za zamani zinavyotunzwa. Nyumba ya yule bibi wa Kidenmaki, Karen Blixen, ilijengwa mwaka 1912, na tangu 1986 ni jumba la makumbusho. Watu hulipa kiingilio kuitazama tu. Pale jirani, Lang'ata, lipo jumba la mawe la mwaka 1932, ambalo sasa ni hoteli ya Giraffe Manor. Mgeni hulipa fedha nyingi alale humo, na twiga humwingizia kichwa dirishani akinywa chai ya asubuhi.

Nyumba hizo zote ni za karne ya 20. Nasi watu wa pwani tunazo nyumba za mawe Lamu, nyingi zao za karne ya 18, zenye madaka, misana na zidaka za chokaa, katika mji ambao UNESCO iliutia katika orodha ya turathi za dunia mwaka 2001. Mkazi wa Westlands akitaka kupumzika siku za Krismasi au Pasaka, hukodi nyumba nzima huko kwa juma moja, pamoja na mpishi wake. Swali ni hili: kodi hiyo inaingia mfuko wa nani?

Wako wazee wasemao kwamba ni aibu kumlaza mgeni wa fedha katika nyumba ya mababu. Nawaheshimu, lakini sikubaliani nao. Nyumba zetu zilijengwa na sabule, chumba cha mgeni, kwa kuwa wafanyabiashara waliokuja na kaskazi walihitaji pa kulala hata kusi iwarudishe kwao. Ibn Battuta, aliyepita pwani hii mwaka 1331, ameeleza kwamba Mogadishu kila mfanyabiashara alifikia kwa mwenyeji wake, na mwenyeji ndiye aliyemsimamia kuuza na kununua. Na Surat An-Nur, baada ya kutufunza kubisha hodi na kutoa salamu, yaruhusu kuingia nyumba zisizokaliwa zenye manufaa kwetu. Wafasiri wengi wamezitaja hapo nyumba za wasafiri. Basi kumweka mgeni si uzushi.

Msiba uko katika kuuza. Ijumaa moja, tulipotoka Msikiti wa Jamia, kijana wa Lamu aliniambia amekuja Nairobi kumwona wakili. Yeye na nduguze wameamua kuuza nyumba ya babu yao.

"Ami," akaniuliza, "nyumba ina warithi chungu nzima, na dari yaanguka. Tutaikataje?"

Nikamjibu kwamba ukuta haukatiki, lakini kodi hukatika. Tuseme marehemu ameacha mke, mtoto mmoja wa kiume na wawili wa kike, na baada ya gharama za matengenezo nyumba imeleta shilingi 32,000. Mke atapata thumni yake, 4,000. Zinazobaki ni 28,000: mwana 14,000, na kila binti 7,000. Mwezi ujao watagawana tena, na mwakani vilevile. Aliyeuza hugawana mara moja tu; kisha wajukuu wake watapita njiani wakioneshwa mlango kwa kidole.

Wengine hudhani wamekodisha, kumbe wameuza. Katiba ya 2010 hairuhusu mtu asiye raia kumiliki ardhi ila kwa kukodi, muda usiozidi miaka 99. Lakini miaka 99 ni umri wa watu watatu! Atakayetia sahihi leo hatauona ufunguo ukirudi. Kodi ya mapumziko ihesabiwe kwa siku na majuma.

Wafaransa walilijua jambo hili mapema. Vijiji vyao vilipokuwa vikihamwa, mwaka 1955 waliunda chama, Gîtes de France, ili nyumba kuukuu za mashambani zikodishwe kwa watu wa mjini wakati wa likizo. Mkulima akapata pato, na nyumba ikapata paa. Sisi twashindwa na nini? Warithi wa mtaa mmoja wanaweza kukusanyika, wakaajiri msimamizi mmoja na fundi mmoja, badala ya kila mmoja kuhangaika na dalali wake.

Lakini pawe na masharti. Sehemu ya kodi iwekwe kwa ajili ya chokaa na boriti, wala ukuta wa matumbawe usipakwe saruji, kwani saruji huziba unyevu ndani na ukuta huoza. Chumba cha ndani, walimozaliwa watoto na kuoshewa maiti, kisigeuzwe baa. Mgeni naye aambiwe mapema, kabla hajapanda ndege Wilson, kwamba anaingia mtaa wa watu: mavazi yake yawe ya heshima, na adhana isimkere.

Mgeni mwenye adabu tumkaribishe, tumpikie, tumpe hata kitanda cha babu. Lakini hati ya nyumba ibaki sandukuni, na sanduku libaki kwetu.