Nahodha Naye Aandikwe Jina

Mtu akipanda boti ya mwenziwe, akapelekwa mpaka pale alipo samaki, akafungiwa chambo, akashikishwa mwanzi, kisha akazungusha gurudumu la mshipi mpaka samaki akaja juu, je, nani aliyevua? Swali hili si mzaha wala si kitendawili. Kila msimu hapa pwani, kuanzia Shimoni na Mtwapa mpaka Kilifi, Watamu na Malindi, linajibiwa jibu moja tu: aliyevua ni aliyeshika mwanzi. Jina lake ndilo linaloandikwa, na picha yake ndiyo inayopigwa, samaki akining'inia kando yake. Nahodha, ikiwa amo pichani, basi yuko nyuma, nusu ya uso wake imekatwa.

Siandiki haya kwa sababu nauchukia uvuvi wa mchezo. Umewalisha watu wengi wa miji yetu, na baadhi ya wanaoufanya ni wapenzi wa kweli wa bahari. Wapo wenye boti zao ndogo za mashine mbili, ambao hutoka alfajiri na kurejea alasiri, wala hawana kiburi. Ninaloandika ni juu ya jina, na jina kwetu sisi si kitu kidogo.

Nitatoa mfano wa samaki mmoja, yule ambaye wageni humwita wahoo. Wengi wetu tukimwona sokoni humwita nguru, tukapita zetu, na si kosa kubwa, kwani ukoo wake ni mmoja na nguru na jodari. Lakini mwenye macho hatamkosa: mwili mrefu uliochongoka mithili ya mkuki, na mistari ya buluu ubavuni ambayo hung'aa akiwa hai na kufifia mara anapokufa, hata akifika mnadani huwezi kujua alikuwa na pambo gani huko alikotoka. Meno yake hukata mshipi wa nailoni kama wembe, ndiyo maana mbele ya ndoana hutiwa waya. Mwaka 1964 wataalamu walipima mbio zake anaponaswa, wakapata kilomita 77 kwa saa. Wataalamu waliokuja baadaye wanazitilia shaka hesabu za namna hiyo, lakini sijamwona baharia aliyesikia mshipi ukipiga kelele kwenye gurudumu akabisha kwamba samaki huyu ni mwepesi. Mkubwa kupita wote katika orodha ya dunia alivuliwa Mexico mwaka 2005, kilo 83.46. Huku kwetu wa kilo 10 au 20 ndiye wa kawaida, na huyo pia humtoa mtu jasho.

Sasa tazama anavyopatikana. Samaki huyu hakai kwa makundi makubwa kama jodari; huenda peke yake au na wenziwe wachache, katika maji ya buluu, pembeni mwa mwamba unapokatika kuingia kilindini, au chini ya gogo linaloelea. Anayemtafuta hana budi kurambaza, yaani kuburura chambo nyuma ya chombo kinachokwenda. Na kurambaza si jambo lililoletwa na boti za mashine. Wazee wetu walirambaza kwa mashua na ngalawa za tanga, mshipi mkononi, chambo ni chuchunge mzima au kipande cha ngisi, na mwendo wa chombo wakauachia upepo. Tofauti ya leo ni kwamba mashine inampa nahodha mbio anazozitaka, na samaki wa bandia wa rangi nyekundu au zambarau ameshika mahali pa chuchunge.

Mahali pa kurambaza panajulikanaje? Mtu wa vitabu atakuambia kwamba wakati wa kaskazi mkondo utokao Somalia hushuka kusini ukakutana na mkondo wa pwani yetu unaopanda, na kwamba huko nje ya Malindi na Lamu maji ya chini yenye chakula hupanda juu. Dagaa hukusanyika, na wakubwa huwafuata. Ni kweli. Nahodha wetu yeye husema maji yamekutana, kisha akakuonyesha kwa kidole: huku rangi moja, kule rangi nyingine, katikati mstari wa povu na takataka, na membe wanajitupa majini. Anajua kama ni bamvua au maji mafu, na kila moja lina mahali pake pa kuvulia. Anajua kwamba kusi likianza kulegea ndipo samaki hawa huanza kuonekana kwa wingi. Babu yake alihesabu siku kwa miongo tangu Nairuzi, na alijua kuweka chombo juu ya mwamba usioonekana kwa kupanga alama mbili za nchi kavu, mathalani Mlima Mangea na minazi fulani ya ufukoni. Leo ipo mashine ya kuonyesha mahali na kina, na ni msaada mkubwa, sikatai. Lakini mashine hiyo mtu huitia yale anayoyajua tayari, na sehemu kubwa ya yale yaliyotiwa humo yalitoka vichwani mwa wavuvi wa Kibajuni, wa Kivumba na wa Kiswahili ambao hakuna aliyewauliza majina yao.

Sheria za mchezo wenyewe ndizo zilizoanza kuyafuta majina hayo. Chama cha kimataifa cha uvuvi huo, IGFA, kilichoundwa mwaka 1939, kina kanuni kwamba samaki akishauma, mtu mwingine asiguse mwanzi, wala gurudumu, wala mshipi, mpaka samaki afike karibu. Baharia ameruhusiwa kushika waya wa mbele na kumtia samaki kulabu, basi. Akigusa zaidi ya hapo, rekodi imevunjika. Kanuni hiyo ina haki yake, kwani inazuia mwenye nguvu kumvulia mnyonge. Lakini watu wameifanya iseme isilolisema. Kanuni inahesabu dakika zile za kuvutana na samaki. Haikusema kwamba saa zile za kumtafuta, na miaka ile ya kujifunza kumtafuta, si kitu.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa nahodha analipwa mshahara wake, na bakshishi akapewa, anataka nini tena? Jibu langu ni kwamba waandishi wa misahafu wa Siyu na Pate nao walilipwa, lakini wapo waliotia majina yao ukurasa wa mwisho. Watunzi wetu wa tendi nao, aghalabu, hutaja mwishoni jina la mtunzi na mwaka wa kutunga, ili msomaji ajue amwombee nani dua. Ujira ni malipo ya siku. Jina ni la watoto na wajukuu, na kulipa ujira hakukumpa mtu ruhusa ya kulichukua jina.

Na hapa nimkumbuke Mmarekani mmoja. Mwaka 1934 Ernest Hemingway alifika Malindi akavua samaki katika bahari hii hii yetu, naye alikuwa mtu wa mwanzi na boti kama wale ninaowaandika. Lakini alipotoa kile kitabu chake maarufu mwaka 1952, ambacho wasomaji wa Kiswahili wanakijua kwa jina la Mzee na Bahari, hakumweka mbele tajiri aliyekodi boti. Alimweka mzee maskini wa Cuba mwenye chombo kidogo na mshipi wa mkono, akampa jina, Santiago, na dunia nzima inalijua jina hilo. Mvuvi wa hadithi, ambaye hakupata kuzaliwa wala kufa, anajulikana kutoka Japani mpaka Brazili. Nahodha wa Watamu aliyewapeleka watu kwa samaki miaka 30 hajulikani hata kwenye kuta za mji wake.

Liko jambo jingine ambalo msomaji Mwislamu hataniachia nilipite. Sisi tuliokaa chuoni tulifundishwa kwamba bahari imehesabiwa miongoni mwa neema, kwa chakula chake na pambo lake, na kwamba samaki hahitaji kuchinjwa. Kwa hiyo hata aliyevuliwa katika boti ya asiyekuwa Mwislamu ni halali kwetu, wala hapana la kuuliza. Lakini tulifundishwa pia kwamba kiumbe mwenye roho hafanywi shabaha ya mchezo, na anayewinda pasipo haja ya kula wala manufaa ana la kujibu. Ndiyo maana wahoo hanipi taabu sana moyoni. Nyama yake ni nyeupe na tamu, na aghalabu haachi kuliwa. Katika boti nyingi za kukodi mgeni hukatiwa kipande chake cha chakula cha usiku, na salio hubaki na boti likauzwa au kugawanywa. Linalonitatiza ni sulisuli, ambaye siku hizi hupigwa alama akarudishwa majini. Nimewasikia wazee wakinung'unika kwamba huku ni kuchezea rizki. Mimi nasema hivi: ikiwa anarudishwa ili kizazi chake kisikatike, na alama ile inatufundisha anakokwenda, hayo ni manufaa, na wajukuu wetu watakula. Ikiwa anasumbuliwa kwa ajili ya picha, akaachwa akielea hoi, basi wazee wana haki ya kunung'unika, na afadhali angeletwa sokoni.

Yote haya huamuliwa, mara nyingi, na nani? Na yule yule nahodha. Yeye ndiye anayejua samaki huyu ana nguvu ya kuishi au hana, yeye ndiye anayemtazama mgeni usoni na kumwambia inatosha. Neno lake lingekuwa na uzito zaidi kama jina lake lingekuwa na mahali.

Kwa hiyo naviomba vyama vya uvuvi vya pwani, na wenye boti zao binafsi vile vile, jambo lisilo na gharama. Pale panapoandikwa samaki, uzani na jina la aliyeshika mwanzi, paandikwe na jina la nahodha, na la baharia aliyeshika kulabu, majina kamili, la mtu na la babake, si lile jina la utani wanaloitwa na wageni. Magazeti nayo, hili likiwa mojawapo, yasichapishe picha ya samaki mkubwa bila kuwataja watu hao.

Nanyi wasomaji nawaomba msaada. Katika miji yetu wapo wazee walioshika usukani wa boti hizi tangu miaka ya 1950 na 1960, kabla Malindi na Watamu hazijatengewa hifadhi zao za bahari mwaka 1968. Wengine wako hai, wanakaa barazani baada ya alasiri. Wengine wametangulia mbele ya haki, Mwenyezi Mungu awarehemu. Niandikieni: jina la nahodha, jina la boti, bandari, miaka aliyofanya kazi, na samaki aliyesifika naye ikiwa mwamkumbuka. Nitayachapa majina hayo katika ukurasa huu kadiri yatakavyofika, na ningependa kuanza na ya Shimoni na Wasini, ambako nimeambiwa wazee wenyewe sasa wamebaki wachache.