Membreni Haijafa, Pimeni Kwanza

Mhariri, naomba nafasi katika jarida letu nitoe dukuduku langu kuhusu hizi mashine za kuchuja maji ambazo siku hizi twaziona majumbani hapa Nakuru.

Wasomaji wapenzi, sababu ya kuzinunua mwaijua. Maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa yana floraidi kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na meno ya kahawia tuyaonayo darasani ni ushahidi wa kutosha. Kuyachemsha ni kazi bure, kwani maji hupungua na floraidi ikabaki palepale. Membreni, yaani ule utando ulio ndani ya mashine, ndiyo huizuia, na bei yake si mchezo. Ndiyo maana huniuma sana fundi anapomwambia mzazi, "Membreni imekufa, leta pesa," hata kabla ya kufungua chochote. Jirani yetu alinunua mbili kwa mwaka mmoja, ilhali moja ikitunzwa hudumu miaka 2 hadi 3!

Maoni yangu ni kwamba mara nyingi membreni husingiziwa. Mbele yake kuna chujio la mashapo na chujio la mkaa. Huo mkaa hunyonya klorini, nayo klorini huila membreni polepole, na ikishaliwa haitibiki. Vichujio hivi ni vya bei nafuu na vyapaswa kubadilishwa kila miezi 6 hadi 12. Watu hungoja hadi maji yakome kabisa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga.

Je, maji yakitoka tone tone? Hebu tukumbuke Fizikia ya kidato cha kwanza. Tangi lililo mita 10 juu hutoa presha ya takriban baa 1. Mashine nyingi za nyumbani zataka kama baa 3. Sasa tangi lililokaa juu ya paa, mita 3 au 4 tu, litasukuma nini? Utabadilisha membreni hadi uchoke, kumbe kilichotakiwa ni pampu.

Yakiwa na ladha ya chumvi, pima. Kuna kidude kama kalamu kinachopima chumvi zilizoyeyuka. Acha maji yatoke dakika chache kwanza, kisha pima yanayoingia na yanayotoka. Yakiingia na 500 yakatoka na 40, utando umezuia asilimia 92, hauna neno. Yakitoka na 200 hapo hata mimi nakubali, nunueni mwingine. (Kidude hicho hakipimi floraidi yenyewe, lakini chaonyesha kama utando unafanya kazi.)

Kuna na wale wanaoziba mrija wa maji machafu ati wasipate hasara, kwa kuwa kila lita 1 safi hufuatwa na lita 3 au zaidi za kumwagwa. Mrija ukizibwa chumvi hujazana kwenye utando na kuuharibu. Heri kuyakinga kwa ndoo, yapigiwe deki na kumwagwa chooni. Ila ng'ombe wasinyweshwe, maana floraidi yote iliyokataliwa na utando imo humo.