Mkulima asiuze mahindi kwa ajili ya sarafu ya kale

MAHINDI na maharage ya Ufipa yanapopata soko, fedha huzunguka Sumbawanga, na wenye maneno matamu nao huzifuata. Mmoja wao ni dalali wa sarafu za kale. Anabeba kipande cha madini chenye msalaba, sura ya Bikira Maria au maandishi ya Kiarabu, na anadai kuwa yupo mnunuzi Ulaya mwenye mamilioni. Kinachotakiwa kwanza ni fedha kidogo ya kufungulia njia. Mkulima wa Izia anayeuza magunia yake ili kutoa fedha hiyo atafika msimu wa kupanda akiwa hana mbolea.

Ikumbukwe kuwa kukusanya sarafu za kale si utapeli, na zenye alama za dini zina wapenzi wengi duniani. Ufalme wa Aksum, katika Ethiopia ya leo, uliweka mwezi na duara juu ya sarafu zake. Mfalme Ezana alipopokea Ukristo katika karne ya 4, msalaba ukachukua nafasi ya alama hizo. Masultani wa Kilwa nao walitoa sarafu za shaba zenye maneno ya Kiarabu ya kumtegemea Mungu. Moja ya sarafu hizo ilipatikana Zimbabwe Kuu, ikawa ushahidi wa biashara kati ya pwani na bara. Kilichoipa thamani si shaba yake, bali kujulikana mahali ilipookotwa.

Hapo ndipo wengi wanapoteleza. Wamisionari wa White Fathers walifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1885, kisha wakaenea Ufipa. Mpaka leo katika nyumba nyingi za Wakatoliki ipo medali ya Bikira Maria yenye mwaka 1830. Mwaka huo ni wa kumbukumbu ya matukio ya Paris, si mwaka medali ilipotengenezwa. Medali hizo zimetolewa kwa mamilioni na bado zinatolewa. Ina heshima yake katika sala, lakini si sarafu.

India nako kuna vipande vya shaba vyenye sura za Rama na Hanuman, vinavyodaiwa kuwa fedha ya Kampuni ya Uingereza ya mwaka 1818. Kampuni hiyo haikutoa fedha ya namna hiyo. Ni vitu vya kubuni.

Hata rupia ya Mjerumani, iliyoanza kutolewa mwaka 1890, haina siri. Ina uzito wa gramu 11.66, na karibu gramu 10.7 kati ya hizo ni fedha halisi. Sonara mwenye mizani anaweza kuipima mara moja. Heller za shaba hazina hata fedha hiyo. Sarafu adimu na isiyochakaa huweza kuzidi bei ya madini yake, lakini hakuna nguvu ya ajabu ndani yake. Mji ambao jina lake kwa Kifipa lina maana ya kutupa uchawi haupaswi kuununua tena kwa bei ya sarafu.

Aliyeokota sarafu asiisugue kwa mchanga wala majivu, maana mikwaruzo huishusha thamani. Aandike mahali na siku aliyoipata. Asimlipe mtu yeyote fedha ya kutangulia. Mnunuzi wa kweli hutoa fedha, haombi. Pia Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa nchini kabla ya mwaka 1863, na kuvipeleka nje bila kibali ni kosa.

Serikali nayo ina wajibu. Maonesho ya Nane Nane ya Nyanda za Juu Kusini jijini Mbeya huwakusanya wakulima kwa maelfu. Meza moja ya Makumbusho ya Taifa yenye sarafu halisi, za bandia na mizani ingeokoa mitaji mingi kuliko onyo linalotolewa baada ya watu kuibiwa.

Anayependa sarafu azikusanye kwa fedha ya ziada, baada ya mbegu, mbolea na ada za watoto. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sarafu inayobishiwa hodi nyumba kwa nyumba imekwisha kujieleza.