MWANA WAO WAMEMFUKUA, WETU YUKO WAPI?

Wako ndugu zetu wasemao kwamba vita vya Bahari ya Pasifiki havituhusu. Twawaomba wasome kwanza habari za Betio, kisiwa kidogo cha Tarawa, urefu wake kama kilometa 3 tu, kisha waseme tena.

Tarehe 20 Novemba 1943 Wamarekani waliwashusha hapo askari wao wa Marine ili wawatoe Wajapani. Wengi walikuwa vijana ambao ndevu ndiyo kwanza zinaota. Wakubwa walitumaini kwamba maji yatatosha kuvusha mashua juu ya mwamba. Hayakutosha. Mzungu mmoja aliyepata kukaa visiwani humo alikuwa amewaonya, na mvuvi yeyote wa Pwani yetu angaliweza kuwaeleza maji mafu ni nini. Mashua zikakwama. Vijana wakaamriwa kushuka na kwenda kwa miguu, mita mia kadhaa, maji yakiwafika kifuani, huku bombomu za Wajapani zikiwafyeka.

Kwa siku 3 Wamarekani wapatao 1,000 walikufa. Wakazikwa upesi mchangani. Wakaja mafundi wa jeshi hilo hilo kutengeneza uwanja wa ndege na barabara, wakaihamisha misalaba wakapanga mingine ipendeze macho, bila kujali nani amelala wapi. Mwaka 1946 walipokuja kuwafukua, karibu nusu ya marehemu hawakuonekana. Mwaka 1949 serikali ikakata shauri kwamba hao hawapatikani tena. Mama wa kijana akaletewa barua.

Wako waliochukuliwa na bahari, hatukatai. Lakini wengi hawakwenda popote! Walikuwa chini ya miguu ya wenzao. Mwaka 2015 chama cha Wamarekani wenyewe, kiitwacho History Flight, kilichimba kikakuta zaidi ya 30 katika kaburi moja, wamelala safu. Hatuwacheki kwa kuchimba. Twawasifu. Mtu aliyemtuma mtoto wa mwenzake vitani ana deni, na deni hilo haliishi kwa barua.

Sasa tuulize lile wasilopenda kuulizwa. Je, Betio walikufa Wamarekani na Wajapani peke yao?

Walikuwako Wakorea wapatao 1,200, vibarua wa kujenga ngome. Korea ilikuwa koloni la Ujapani tangu 1910, na watu wake walichukuliwa kama sisi tulivyochukuliwa. Hawakuwa na ugomvi na Marekani. Waliotoka hai ni 129. Mwaka 2023 mabaki ya mmoja wao yalirudishwa kwao, baada ya miaka 80. Mmoja! Na wenye kisiwa, watu wa Kiribati, waliokuwa chini ya Waingereza hata 1979, nani aliwauliza kama wataka vita uani kwao? Mpaka leo wakichimba msingi wa nyumba hukuta mifupa na risasi za wageni.

Hapo ndipo habari ya Betio inapobisha hodi Kariakoo. Jina hilo twalitamka kila siku tukienda sokoni, wala wengi hatukumbuki kwamba limetoka kwa wapagazi wa jeshi la Waingereza katika vita vya 1914 hadi 1918. Walibebeshwa mizigo ya vita vya Wazungu wakafa makumi ya maelfu, kwa njaa na kuhara kuliko kwa risasi. Baadaye wakasimamishiwa sanamu Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa. Sanamu nzuri, twakubali. Majina yao hayamo.

Twaambiwa kwamba orodha hazikuwako. Ajabu! Mtu alipotakiwa kubeba mzigo, jina lake lilipatikana. Alipotakiwa kulipa kodi, lilipatikana. Alipokufa likapotea. Mwaka 2021 tume ya Waingereza yenyewe inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Serikali yao ikaomba radhi Bungeni.

Radhi tumeisikia. Wale wa Betio hawakupatikana kwa radhi, walipatikana kwa sepeto. Twataka vitabu vya jeshi vifunguliwe, na sisi nasi, katika kila tawi, tuwaulize wazee kabla hawajaondoka: babu yako nani alichukuliwa, mwaka gani, na ni nani aliyekuja kusema kwamba harudi?