Pasi za kukunja nywele: Wauzaji watuambie volti, si namba kubwa

Wiki hii safu hii inaacha kando bei za sukari na saruji na kuingia saluni. Wapo watakaosema kuwa hilo si jambo la ukurasa wa biashara. Wanakosea. Saluni ni moja ya shughuli chache ambazo msichana mwenye mtaji mdogo anaweza kuianzisha mwenyewe, na chombo chake kikiungua hana stoo ya kwenda kuchukua kingine.

Chombo tunachokizungumzia ni pasi ya kukunja nywele, lile bomba la umeme lenye kibanio ambalo msusi huzungushia nywele ili zitoke na mawimbi. Enzi za kalikiti kazi hiyo ilifanywa na dawa na rola. Siku hizi mteja anakuja na wigi la nywele za binadamu, mara nyingi kutoka India au China, nzito na zilizonyooka, naye anataka mawimbi ya kwenda nayo harusini Jumamosi. Wapo pia wateja wa asili ya Kiasia, ambao nywele za namna hiyo ni zao za kuzaliwa.

Nywele hizo ni kaidi. Kila unywele ni mnene, fungu zima ni zito, na uzito huo huvuta wimbi chini. Joto hulegeza vifungo vidogo vilivyomo ndani ya unywele, navyo hujifunga upya unapopoa. Ukiuchana ungali wa moto, mawimbi yamekwisha kabla mteja hajafika kituo cha daladala.

Sasa nenda Kariakoo ukaulize pasi ipi inafaa nywele nzito. Utaonyeshwa namba iliyo kwenye boksi. Mwandishi wa safu hii alifuatana na binti yake, ambaye ana kiti cha kukodi katika saluni moja, hadi kwenye maduka mawili yanayotazamana. Duka la kwanza lilikuwa na pasi ya "230". La pili lilikuwa na ya "450", ghali zaidi, kwa maelezo kwamba moto wake ni karibu mara mbili. Tukanunua ya 450. Tulipofika nyumbani, miwani ikiwa puani, ndipo nilipoiona herufi F pembeni ya namba. Nyuzijoto 450 za Farenhaiti ni 232 za Sentigredi. Tulikuwa tumelipia tofauti ya nyuzijoto 2, na mimi ndiye ninayewaandikia wasomaji habari za bei kila wiki!

Sidai kwamba muuzaji alitudanganya. Huenda naye aliuziwa hivyo hivyo na duka la jumla. Lakini soko linalopanga bei kwa namba ambayo muuzaji na mnunuzi wote hawaielewi si soko huria, ni bahati nasibu.

Tena moto wote huo hauhitajiki. Nywele nzito zenye afya hukunjika vizuri kati ya nyuzijoto 180 na 200 za Sentigredi. Ukizidi hapo unaanza kuunguza unywele wenyewe, na nywele za wigi haziwezi kuota tena. Mwaka 2019 Serikali ilipoweka ushuru wa bidhaa wa asilimia 25 kwa nywele bandia kutoka nje na asilimia 10 kwa zinazotengenezwa nchini, wateja walilalamika sana. Wasusi nao walikuwa na sababu ya kulalamika, maana wigi likipanda bei, fidia ya kuliunguza nayo inapanda. (Wigi la nyuzi za plastiki lisisogezwe karibu na pasi kabisa, isipokuwa lile lililoandikwa kwamba linastahimili joto.)

Kinachohitajika ni pasi isiyopoa ikiwa kazini. Fungu zito la nywele likizungushwa hunyonya joto la bomba. Pasi dhaifu hushuka, msusi anaishikilia muda mrefu au anarudia mara tatu, na hapo ndipo nywele zinapoharibika. Hili huonekana kwenye wati na kwenye umeme wenyewe. Pasi ya kawaida iliyotengenezwa kwa volti 230, umeme ukishuka hadi 180 kama ilivyo jioni katika mitaa mingi, hubaki na nguvu ya karibu asilimia 60 tu. Msusi hulaumu pasi, mteja humlaumu msusi.

Kinyume chake ni hatari zaidi. Pasi aliyoleta zawadi ndugu aliyeko Marekani, ikiwa imeandikwa volti 120 peke yake, ikichomekwa katika umeme wetu huvuta karibu mara nne ya nguvu yake. Huungua, na ikiwa juu ya meza yenye taulo na mafuta ya nywele, haiungui peke yake. Iliyo salama ni ile iliyoandikwa 100–240 au 220–240.

Kuhusu unene wa bomba, achana na yale mapana ya milimita 38 yanayovutia machoni. Kwa nywele nzito wimbi hulegea baada ya saa chache, hivyo bomba la milimita 25 hukupa wimbi la kubana ambalo likilegea ndipo linapokuwa la kupendeza.

Shirika la Viwango lipo tangu mwaka 1975, na hatuombi sheria mpya. Tunaomba duka la jumla libandike kwenye kila boksi karatasi ya Kiswahili yenye volti, wati na joto la juu kwa Sentigredi. Na muuzaji wa rejareja aichomeke pasi mbele ya mnunuzi. Balbu ya bei ndogo hujaribiwa dukani kabla hujailipia. Kwa nini pasi iondoke na boksi lake bila hata kuona umeme?

Ile pasi yetu ya 450 bado ipo, na kwa bahati ni ya volti 100–240. Binti huiweka kwenye 380, yaani 193 za Sentigredi, kisha kila msokoto anaubana kwa kibanio mpaka upoe. Namba zilizo juu ya hapo tulizilipia, hajazigusa hata siku moja.